Karatasi za Jumatatu

Jumatatu, 4 Machi

Shemeji yangu,

Salamu nyingi kutoka huku. Dada yako hajambo, ila magoti yanamsumbua akipanda ngazi. Wanao nao wazima. Yule wa kwanza ameota ndevu tatu na anazichana kila asubuhi kabla ya kwenda chuoni.

Simu zangu hupokei. Nikikutumia ujumbe unausoma, halafu kimya. Basi nimekaa chini kuandika barua kama watu wa enzi zile.

Nimeomba kurudishwa kwenye orodha ya mawakili. Kamati ya nidhamu itanisikiliza tarehe 18 Aprili. Unajua nilivyoishi miaka hii saba. Nilikaa ndani miezi minane, nikatoka, nikapata kazi ya kupanga mafaili kwenye ofisi ya bima, chini ya kijana niliyemfundisha mwenyewe kuandika hati ya madai. Wiki iliyopita kijana huyo alinisahihisha koma mbele ya wateja. Niliifuta, ingawa koma yenyewe ilikuwa mahali pake. Najiuliza, mtu huadhibiwa mara ngapi kwa kosa moja? Mwizi wa kuku akitoka jela anaendelea na maisha yake. Mimi nimetoka na bado nimefungwa. Joho langu liko kabatini, na kila Desemba dada yako hulipeleka kwa dobi kana kwamba kesho litavaliwa.

Sasa, kamati inataka hati ya kiapo ya mtu aliyekuwepo ofisini wakati ule. Mtu huyo ni wewe. Usihangaike, nimeshaiandaa. Ina kurasa tano, ila nimekutumia ule wa mwisho tu, wa sahihi, ili bahasha isiwe nzito. Rafiki yangu mmoja wakili ameshaugonga muhuri, kwa hiyo huna haja ya kumtafuta kamishna wa viapo. Tia sahihi juu ya jina lako, urudishe. Ni kazi ya dakika moja.

Shemeji yako,
Wakili (wao wasipotaka kuniita hivyo, wewe niite)


Jumamosi, 9 Machi

Shemeji,

Nimefurahi kusikia habari za zile ndevu tatu. Mwambie mama yake mdogo atakuja kuzihesabu zikifika nne.

Simu zako sipokei kwa sababu maalumu. Simu ndiyo iliyotufikisha pale tulipofika. Ukiwa na neno nami, liandike kwenye karatasi, na karatasi mimi nazitunza.

Sasa huu ukurasa wako. Nimeutazama mbele na nyuma. Juu kuna mstari mmoja unaosema kwamba yote niliyoyaeleza katika kurasa zilizotangulia ni kweli. Zilizotangulia zipi? Chini pameandikwa nimeapa mbele ya huyo rafiki yako tarehe mosi Machi. Tarehe mosi Machi nilikuwa hapa kwenye chumba changu cha kuchapa na fotokopi, mkabala na ofisi ya ardhi, napambana na mashine iliyokuwa imetafuna cheti cha ndoa cha watu. Huyo bwana sijawahi kumtia machoni.

Hapa kwangu hakuna anayetia sahihi kabla sijamsomea karatasi yake kwa sauti, mwanzo hadi mwisho. Wateja wananung'unika. Wameshanibatiza Mama Soma Kwanza, na wenye haraka wanahamia kwa jirani yangu. Waende tu. Tabia hiyo nilitoka nayo gerezani, na unajua nilikaa huko muda gani.

Nitumie kurasa nne za mwanzo. Nikiridhika nazo nitaapa mbele ya kamishna wa hapa, nikiwa nimesimama kwa miguu yangu mwenyewe.

Mdogo wa mkeo,
Karani


Ijumaa, 15 Machi

Shemeji,

Sikutegemea jibu la namna hii kutoka kwako. Mimi ndiye niliyekupa kazi ukiwa hujui hata kushika faili. Mimi ndiye niliyekufundisha tofauti ya hukumu na amri. Leo nakuomba sahihi moja unanipiga maswali kama hakimu.

Hizo kurasa nne ni mambo ya kawaida: jina lako, umri wako, tulianza kazi lini, mimi ni mtu wa tabia gani. Lugha ya kisheria tu, ingekuchosha. Halafu bado nazirekebisha hapa na pale, na sioni maana ya kukutumia kitu ambacho kesho kitabadilika. Muhuri wa rafiki yangu usikutie wasiwasi. Ni mtu mwaminifu, na kila ofisi inafanya hivyo.

Siku zinakwenda. Mwisho wa kupeleka nyaraka ni tarehe 5 Aprili. Usiponitumia ukurasa huo, ujue wewe ndiye utakayekuwa umenifungia mlango, si kamati. Nami nitakosa cha kumwambia dada yako.

Wakili


Jumatano, 20 Machi

Mdogo wangu mpenzi,

Shemeji yako hajui kwamba naandika. Ametoka kwenda kulichukua joho kwa dobi. Amelipeleka tena, na mimi nililipeleka Desemba.

Kurasa unazozitaka zilikuwa kwenye droo ya chini ya meza yake. Nimezitoa fotokopi, nazo ziko humu ndani, zote nne. Nilianza kuzisoma nikiwa nimesimama dukani. Nilipofika aya ya sita nikaomba kiti.

Nikikwambia najua ninachotaka nitakuwa nadanganya. Namtaka mume wangu arudi kazini kwake, maana alivyo sasa siyo mtu. Anaingia bafuni namsikia akijibu maswali ya kamati, "ndiyo, mheshimiwa mwenyekiti", maji yanamwagika bure. Na nakutaka wewe uje uketi mezani kwangu. Miaka saba hujakanyaga hapa. Nilikuomba unyamaze mahakamani kwa ajili ya watoto, ukanyamaza. Sijawahi kukushukuru, kwa sababu siku nikikushukuru nitakuwa nimekiri nilichokuomba.

Safari hii sijachoma kitu. Fanya utakavyoona inafaa, na hata ukifanya lile linaloniumiza, sitakulaumu.

Dada yako


Jumapili, 24 Machi

Shemeji,

Kurasa nne nimezipata. Usiulize kwa njia gani.

Aya ya sita nainakili hapa ili uione kwa mwandiko wangu: "Kwamba mimi, karani, nilimleta mbele ya wakili mwanamke nisiyemjua, nikadai ndiye mwenye nyumba, na wakili, kwa kuniamini kama ndugu, akamwapisha na kutia sahihi." Hizo ndizo habari za jina langu na umri wangu ulizoogopa zitanichosha.

Nilimleta nani, shemeji? Hebu tuambiane, tuko wawili tu. Kila Jumatatu saa mbili kasoro, kabla hujakimbilia mahakamani, nilikuwekea mezani rundo la karatasi tupu. Ulitia sahihi chini, ishirini, thelathini, simu ikiwa begani, nami nikawa nagonga muhuri nyuma yako. Ulisema ni ili wateja wasisubiri. Tukaziita karatasi za Jumatatu. Wiki nzima nilikuwa najaza sehemu ya juu, na watu wakawa wanaapa mbele yako ilhali wewe uko mtaa wa pili unabishana na hakimu. Nilijua si sawa na nilijaza. Hilo ni langu, sijawahi kulikana.

Kisha akaja mpwa wa yule bibi wa nyumba ya kona, anataka hati mbili za kuonyesha kwamba bibi amempa nyumba. Bibi hakuwepo. Nilikupigia. Nilikwambia, shemeji, mwenyewe hayupo. Ukasema, "Namjua huyo kijana, jaza tu, usinicheleweshee watu." Nikajaza. Hati hizo ndizo makosa mawili tuliyotiwa hatiani. Kabla ya miezi mitatu kwisha bibi alirudi kutoka hospitali akakuta kitanda chake kiko barabarani na sufuria zake ndani ya beseni. Alifia kwenye chumba cha kupanga, kesi ikiwa bado inaahirishwa. Nimemtafuta katika kurasa zako. Kuna "mlalamikaji" mara moja na "mgogoro wa nyumba" mara mbili. Bibi mwenyewe hayumo.

Mahakamani ulisimama ukasema nilikuletea mwanamke wa kuokota. Nilikuwa kizimbani kando yako, karibu kiasi cha kunusa sabuni uliyoogea, nikafunga mdomo, kwa sababu dada alikuwa amenishika mikono akaniambia watoto wana baba mmoja. Wewe ukapata miezi minane kwa kuaminiwa kwamba ulidanganywa. Mimi nikapata miaka miwili kwa kuaminiwa kwamba nilidanganya.

Unalia kwamba umefutwa. Wewe una kamati. Una tarehe, una mwenyekiti, una joho linalokusubiri limepigwa pasi. Mimi nirudishwe na nani? Makarani hawana orodha. Kila nikiomba kazi wananiambia nilete cheti cha tabia njema, na changu kinatoka na kosa langu limechapwa katikati. Nimeshakwenda kwenye usaili mara nne. Mara ya nne yule mama aliyekuwa ananisaili alisogeza mkoba wake kutoka kwenye kiti kilichokuwa karibu nami. Nina hasira, shemeji, na sitaki kuipunguza ili barua hii ipendeze.

Lakini lililonishinda kabisa ni hili, hata nikacheka peke yangu mteja akaniuliza kama niko sawa. Wewe unaomba kurudishwa baada ya kosa la kuapisha watu wasiokuwepo, na ombi lenyewe umelisindikiza na kiapo cha mtu asiyekuwepo. Umenitumia karatasi ya Jumatatu.

Neno la mwisho. Siku polisi walipokuwa njiani kuja kupekua ofisi, ulinipigia ukasema nichane rundo lote la wiki hiyo. Nililichana, isipokuwa moja. Karatasi nyeupe, tupu, ina sahihi yako na muhuri wako chini. Niliikunja mara nne, nikaiweka chini kabisa ya boksi la cherehani la dada. Nilifikiri kuna siku itatakiwa.

Karani


Ijumaa, 29 Machi

Shemeji,

Nimelifungua boksi la cherehani. Kuna nyuzi, vifungo, na mkasi usiokata. Nimelimwaga lote sakafuni. Iko wapi?

Nimemuuliza dada yako. Amenitazama, akatoka kwenda kuanua nguo ambazo hazijakauka.

Nakutahadharisha kama mtu anayeijua sheria. Kuficha ushahidi ni kosa, na wewe mwenyewe umekiri kwa maandishi kwamba ulichana nyingine. Ukiipeleka karatasi hiyo mbele ya kamati utajichoma na wewe. Fikiri vizuri.

Barua hii niliianza asubuhi, nikaiacha, sasa ni mchana narudi. Nisikilize. Tulikosea wote wawili. Kama kuna mmoja anaweza kunusurika, kwa nini tuzame wote? Nikirudishwa nitafungua ofisi tena, na meza ya kwanza itakuwa yako, bila cheti cha tabia njema, bila usaili. Aya ya sita ni maneno tu. Watu walishayaamini miaka saba iliyopita, hayawezi kukuharibia zaidi ya pale. Wewe una kazi yako ya kuchapa, watu wanakuheshimu. Mimi nina miaka hamsini na sita na sina kitu kingine ninachojua kufanya.

Nitumie hiyo karatasi. Nakuomba.

Shemeji yako


Jumanne, 2 Aprili

Shemeji,

Tarehe 18 nitapanda basi la kwanza. Nimeuliza, vikao vya kamati viko wazi kwa yeyote. Nitakaa benchi la nyuma, na bahasha itakuwa mapajani mwangu. Ukisema ukweli, sitasimama. Ukimleta tena yule mwanamke wako, ujue nipo chumbani.

Ukurasa wako wa sahihi nakurudishia. Samahani, kwa nyuma nimeshauandikia vitu vya kununua sokoni. Ndiyo karatasi iliyokuwa karibu.

Karani


Jumamosi, 20 Aprili

Shemeji,

Uliondoka kabla sijatoka ndani. Nilikutafuta hadi kituo cha basi.

Wamenikatalia. Wamesema niombe tena baada ya miaka mitatu, na si kwa sababu ya kosa la zamani. Ni kwa sababu ya maelezo niliyoyapeleka mwezi huu, nikieleza kwa jina langu mwenyewe yaleyale ya aya ya sita baada ya wewe kunikatalia. Mwenyekiti alisema mtu anayeomba kuaminiwa hatangulizi uongo. Alisema kwa upole, na huo upole ndio ulionikera. Wajumbe wawili kati ya watano nilisoma nao. Mmoja wao ninamjua alivyokuwa anagongesha mihuri yake. Alikuwa anaandika, hakuinua kichwa.

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali mia. Mwenyekiti akauliza moja ambalo sikuliwaza. "Huyo mwanamke aliyeletwa ofisini kwako, aliketi wapi?" Unakumbuka ofisi yetu. Viti vya wateja vilikuwa viwili, na kimoja kilikuwa na mguu mbovu, tukakiegemeza ukutani. Nilifungua mdomo niseme aliketi kwenye kile kizima. Nikageuka. Ukawa unanitazama, mikono yote miwili juu ya ile bahasha ya kaki. Nikasema, "Hakuketi. Hakuletwa mtu."

Baada ya hapo sikuweza kunyamaza. Nimewaambia kuhusu Jumatatu. Nimewaambia kuhusu simu ya kwanza na simu ya pili. Nimewaambia kwamba yule bibi sikuwahi kumwona uso hadi alipokuja mahakamani na fimbo yake. Katibu aliniomba nirudie polepole ili aandike. Wewe hukulazimika kusimama.

Nina hasira nawe. Ungeweza kubaki kwako siku hiyo, sasa hivi ningekuwa nimevaa joho. Nina hasira na kamati. Na nina hasira zaidi na jambo ambalo sijui nilieleze vipi: nilipotoka mle ndani nilisikia njaa, njaa ya kweli, ambayo sijaisikia tangu Machi. Nilikula nikiwa nimesimama pale kituoni, nikakaribia kulia.

Basi nirudishie ile karatasi. Haina kazi tena.

Shemeji yako


Alhamisi, 25 Aprili

Shemeji,

Siwezi kukurudishia kitu ambacho sina. Dada aliichoma karatasi ile nikiwa na mwezi wa pili gerezani. Alikuja siku ya kutembelewa, akaniambia mwenyewe, analia, askari akamwambia muda umekwisha. Miaka yote hii hakukwambia, na wiki hii nimempigia simu akaniruhusu nikwambie. Usimgombeze. Alikuwa anakulinda wewe.

Ndani ya bahasha mlikuwa na tiketi yangu ya kurudi na kitambaa cha kujifutia jasho.

Zisome tena barua zangu. Niliandika kwamba sikuichana, niliikunja, niliiweka kwenye boksi. Niliandika kwamba nitakuja na bahasha. Hakuna mahali niliposema bado ninayo. Hukusoma, shemeji. Hujawahi kusoma, si karatasi zangu wala zako, na ndiyo maana bibi wa watu alikuta kitanda chake barabarani.

Njia nzima ndani ya basi nilijiuliza kama ungesema ukweli bila ile bahasha. Nimeshindwa kupata jibu, na nimeacha kulitafuta. Umesema, katibu ameandika, na nakala ya kumbukumbu za kikao nimeshaiomba.

Sasa tufanye kazi. Ninaomba mapitio ya hukumu yangu. Kwamba nilijaza zile karatasi sitakana, hilo nitalibeba. Lakini yule mwanamke sikumleta, na nataka atolewe kwenye jina langu. Inatakiwa hati yako ya kiapo. Nimeshaichapa, kurasa sita, na bibi yumo kuanzia ukurasa wa kwanza. Sikutumii hata ukurasa mmoja. Kamishna wa hapa anaapisha watu kila Jumatatu asubuhi. Utakuja mwenyewe, nitakusomea zote sita kwa sauti mbele ya wateja wangu, wanaonung'unika na wasionung'unika, na ukiridhika ndipo utatia sahihi.

Mlete na dada. Chumba changu ni kidogo, lakini kina viti vitatu na vyote vina miguu mizima.

Karani